Kwa nini kaunta yangu huona sifuri kabla ya wakati wake?

Mwanafunzi wa Nyegezi

Habari za jioni, wanajamvi. Nimeunda kwenye bredibodi (ubao wa kujaribia saketi bila kuchomelea) kaunta, yaani saketi ya kuhesabu, ya magunia ya dagaa, nikikusudia kuijaribu kwa mjomba wangu pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Kila gunia linapopita hubonyeza swichi, na flipu-flopu nne (saketi ndogo, kila moja ikihifadhi 0 au 1) huhesabu kutoka 0 hadi 15, kila moja ikiamshwa na iliyoitangulia. Gunia la 16 likipita, hesabu hurudi 0, mageti ya mantiki huitambua sifuri hiyo, na lachi (saketi inayokamata ishara na kuishikilia) huwasha taa. Taa hiyo naizima kwa mkono baada ya gunia la kwanza, lakini mara nyingine huwaka tena linapopita gunia la 2 au la 8. Mwalimu wangu amesema saketi imekosa ishara ya saa. Naomba kuelewa saa hiyo inasaidia nini, ilhali mageti yenyewe hayakosei.

Fundi wa Bwiru

Mdogo wangu, ni kweli mageti hayakosei, ila hayajibu papo hapo. Kila flipu-flopu huchukua nanosekunde kadhaa kubadilika, na kwa kuwa zako zinasubiriana, hesabu haitoki 7 kwenda 8 kwa hatua moja: 0111 (ndiyo 7 ikiandikwa kwa 0 na 1 pekee) huwa 0110, kisha 0100, kisha 0000, ndipo ifike 1000. Ile 0000 ni ya kupita tu na jicho haliwezi kuiona, lakini lachi yaweza kuikamata. Kutoka 1 kwenda 2 ni vivyo hivyo.

Ishara ya saa ni volti inayopanda na kushuka kwa vipindi sawa, ikizifikia flipu-flopu zote kwa pamoja. Kila moja huangalia ingizo lake pale tu volti inapopanda, na muda uliobaki hushikilia ilichokiona. Bila shaka umewahi kutazama bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, ambapo kila mchezaji hunyanyua jembe kwa wepesi wake, lakini majembe yote hushuka kwa mdundo mmoja. Tofauti zao katikati ya midundo hazimdhuru mtu. Ngoma ikikimbizwa mno, wapo ambao majembe yao yatakuwa hayajafika juu, na ndiyo sababu kila saketi ina kikomo cha kasi ya saa yake.

Unganisha zote nne kwenye saa moja, na mahali pa lachi weka flipu-flopu ya tano inayofuata saa hiyohiyo, kwa maana hata katika kaunta ya namna hiyo mageti yanaweza kutoa mpigo wa uongo kabla hayajatulia.

Mkufunzi, Ilemela

Naafiki, ila swichi usiiache ilivyo. Vyuma vyake hudunda kwa milisekunde chache kila inapobonyezwa, na gunia moja laweza kuhesabiwa mara tatu. Chukua kristali ya saa ya mkononi, yenye hezi 32,768 (mitetemo kwa sekunde), ugawe kwa mbili mara tisa. Utapata hezi 64, yaani mpigo mmoja kila milisekunde 15.6 hivi. Isome swichi kwa mpigo huo, na uongeze hesabu pale tu usomaji wa sasa ni 1 na uliopita ulikuwa 0.

Tena, isome kupitia flipu-flopu mbili zinazofuatana. Gunia halijui saa yako, hivyo swichi yaweza kubadilika wakati uleule volti inapopanda, na flipu-flopu ya kwanza ikabaki kwa muda kati ya 0 na 1. Ya pili huipa nafasi ya kutulia kabla kaunta haijaiamini.