Tenti inanuka uvundo na inanata, inaokoeka?

Wadau naomba msaada. Mimi ni mpagazi Kilimanjaro, njia ya Machame, safari iliyopita tulishuka na mvua nikaikunja tenti yangu ya mtumba ikiwa mbichi nikaisahau kwenye mfuko wiki mbili, leo naifungua inanuka, ina madoa meusi na sakafu inanatanata. Naitegemea sana hii.

— Pole kaka. Jiki usiguse kabisa, wala mashine ya kufulia. Isimamishe, pitisha sponji na maji ya baridi na sabuni laini kidogo, suuza, ianike kivulini mpaka kwenye mishono pakauke, maana jua la mchana linakula kitambaa. Madoa yanaweza yasitoke yote.

— Huko kunata ni ule utando wa kuzuia maji umeoza, unyevu na umri, kuosha hakuurudishi. Yangu niliifuta na spiriti taratibu ukabanduka, ndo nikapaka dawa mpya ya kuzuia maji, na mishono pia.

— Na zipu mkuu! Toa vumbi kwa mswaki mkavu, kisha sugulia mshumaa usiowashwa kwenye meno yake iteleze.

— Asanteni sana, kesho naanza na sponji.