Mkongo wa Taifa umepita Ngara, intaneti wanafaidi walio ng'ambo. Sisi tumekosa nini?

Wakuu, leo mtanivumilia, nina hasira.

Nipo Ngara, mkoani Kagera, wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi. Mkongo wa Taifa, zile nyaya kuu za intaneti za nchi, umefika huku siku nyingi: unatokea Rusumo kwenda Rwanda na Kabanga kwenda Burundi. Yaani intaneti inashuka Dar kwa nyaya za baharini (SEACOM tangu 2009, EASSy 2010), inakata nchi nzima, inapita pembeni ya migomba yetu, halafu inavuka mpaka. Sisi tulioshuhudia mtaro ukichimbwa tunaambiwa tukanunue bando.

Haya, tukanunua. Kuna kampuni (siitaji, wenyewe wanajijua) imeniuzia rauta ya nyumbani na kifurushi "kisicho na kikomo". Mwanzo wa mwezi spidi ya kufa mtu. Mwezi ukifika kati, hata ukurasa wa NECTA haufunguki. Unapiga huduma kwa wateja, unasikilizishwa muziki weee, mwisho dada anakwambia kwa upole umeshamaliza kiwango cha matumizi ya kawaida. Sasa kama kiwango kipo, kwa nini hamkukiandika kwenye boksi?

Jioni ndiyo usiseme. Mnara mmoja, kata nzima imerudi nyumbani, wote mnagawana uwezo uleule. Na mnara ukiwa unalishwa kwa maikrowevu (mawimbi ya redio) yenye uwezo mdogo kutoka mnara mwingine, badala ya kuunganishwa na mkongo, hata mkiubandika 5G ni urembo tu.

Oktoba 2022 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipiga mnada masafa ya redio yanayotumiwa na kampuni za simu, zikapatikana kama dola milioni 187. Hongereni. Ila hizo hela kampuni zitazirudisha wapi, kama si kwenye bando letu?

Kuna watakaosema suluhisho ni Starlink, intaneti ya satelaiti ya Elon Musk. Rwanda, Msumbiji, Malawi, Kenya na Zambia walifunguliwa 2023, Burundi 2024. Huku kwetu tumezungukwa na dishi pande mbili za mpaka, na hadi 2025 sisi tulikuwa bado tunaambiwa tusubiri. Hilo nalo linakera. Lakini msiniletee Elon Musk kama mkombozi: Nairobi mwishoni mwa 2024 waliacha kupokea wateja wapya kwa sababu uwezo ulijaa. Satelaiti inafaa zahanati iliyo peke yake porini. Mji ukijaa dishi, mtagombania anga kama tunavyogombania mnara.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia ipo na si ya mabilioni. Ngara ni vilima vitupu. Toa laini moja kwenye mkongo hadi shule ya sekondari, funga antena juu ya kilima, elekeza kilima cha pili. Masafa ya 5 GHz, hayahaya ya Wi-Fi, yanavuka kilomita nyingi tu mradi antena zionane. Kijiji kinachangia umeme na mlinzi, vijana wa VETA wanatunza vifaa, kila kaya inalipa kidogo kwa mwezi. Wala si ndoto: Kondoa wana mtandao wa intaneti unaoendeshwa na jamii yenyewe, ulianzishwa na watu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wakatumia masafa ya TV yaliyokaa bure. Kibera nako vijana wanaendesha wa kwao, na Kenya tangu 2021 ina mfumo wa leseni maalumu kwa mitandao ya namna hii. Hapa kwetu kikundi cha kijiji kikitaka kugawa intaneti kinaanza kuulizwa maswali ya kampuni kubwa.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kwa sheria ya 2006. Mei 2023 zikasainiwa ruzuku za minara 758. Sikatai, watu wapige simu. Ila kwa nini ruzuku ipewe kampuni tu, hizohizo zinazokuja kutuuzia "bila kikomo" chenye kikomo? Wangetenga hata kafungu kadogo kwa vijiji vinavyopitiwa na mkongo, waone kama hatutajenga wenyewe.

Aliyewahi kuomba leseni ya kiwango cha wilaya amwage hapa alilipa kiasi gani na alisubiri muda gani. Na nyie wa kampuni mliomo humu, msinifuate faragha kuniomba namba ya simu. Jibuni hapahapa.