Kamshafti ya 4A-GE: 256, 264 au 288 kwa gari la Mbeya?

Kijana wa Uyole
Wakuu, heshima kwenu. Nina Toyota Corolla yenye injini ya 4A-GE ya valvu 16, cc 1587. Injini iko chini, naijenga upya. Gari naendea kazini kila siku, na barabara ikifungwa kwa mashindano nataka liingie. Kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya kiwandani ni digrii 240, yaani muda valvu inakaa wazi. Nimepata za 256, 264 na 288, pesa ni ya seti moja tu. Nichukue ipi?

Mpenda Gia, Iringa
Kamwene! Chukua 288. Ukivuka mizunguko 6,000 kwa dakika gari linakuwa jingine kabisa. Nimeitumia kwenye rali, na hadi leo sijaona inayonipa raha kama ile.

Fundi Mwanjelwa
Mdogo wangu, anza na hewa ya kwetu ndipo uchague chuma. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Dar. Injini isiyo na tabo (turbo) imeshapungukiwa kabla hujafungua boksi. Sasa 288 inachelewa kufunga valvu ya kuingiza: pistoni inaanza kupanda, valvu bado iko wazi, hewa inarudishwa kwenye manifold (mabomba ya kuingiza hewa). Mizunguko ikiwa mingi hewa ina kasi na inajisukuma yenyewe ndani, hapo kamshafti hiyo inalipa. Lakini panda njia ya Chunya nyuma ya lori, mizunguko 2,500, uone gari linavyokuwa zito.

Halafu breki. Digrii zikiongezeka, valvu ya kuingiza na ya moshi hukaa wazi pamoja muda mrefu, na mvuto wa hewa kwenye manifold unashuka. Busta ya breki, inayokusaidia kukanyaga, inategemea mvuto huohuo, na huku juu tayari ni mdogo. Kwenye foleni ya Mwanjelwa, kanyaga mara mbili tatu mfululizo, pedali inakuwa ngumu kama ubao. Kwa gari la kila siku sikubali hilo.

Pistoni zako ni za kompresheni (kiasi cha kubana hewa) gani? Na kompyuta ya injini?

Mpenda Gia, Iringa
Fundi, hapo umenikamata pazuri. Yangu ilikuwa na kompresheni 11:1 na kompyuta ya kupangwa upya, na sokoni sikuwa naenda nayo.

Dada wa Mafinga
Mimi nina 264 na naitetea. Gari likisimama linatetemeka kidogo tu, na kuanzia 4,000 linavuta vizuri. Ile 256 ni tulivu zaidi, ila kwa gharama ya kufungua injini nzima naona faida yake ni ndogo.

Kaka, usisahau shimu, vile visahani vya kurekebisha nafasi ya valvu. Kwenye injini hii zinakaa juu ya bakuli la valvu, kikombe kinachosukuma valvu. Nundu ya kamshafti ikiwa ndefu na mizunguko ikizidi, shimu inaruka. Yangu moja iliruka zamani, kabla ya kamshafti hizi nilizonazo. Nilipofungua kifuniko niliikuta imelala pembeni, na nundu ya kamshafti imechimbwa mfereji unaoingia ukucha. Ukienda kwenye 288, weka kabisa bakuli zenye shimu chini.

Kijana wa Uyole
Asanteni sana. Pistoni ni za 9.4:1 na kompyuta ni ya kiwandani, inasoma presha ya manifold.

Fundi Mwanjelwa
Basi 264. Kwa 288 mvuto ungeyumba na kompyuta hiyo ingekosea mafuta kila unaposimama.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, bandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, rudisha kichwa cha injini na gasketi, zungusha injini kwa spana mizunguko miwili, fungua, kata udongo na upime unene. Chini ya milimita 2 upande wa kuingiza au 2.5 upande wa moshi, usiwashe. Nafasi ya valvu (upenyo kati ya nundu na shimu) injini ikiwa baridi fuata karatasi ya kamshafti yenyewe; zile milimita 0.15 hadi 0.25 za kuingiza na 0.20 hadi 0.30 za moshi ni za kamshafti ya kiwandani.

Kijana wa Uyole
Udongo nanunua kesho asubuhi. Nitaleta vipimo hapahapa.