Mrejesho: tumbo langu na ndizi mbivu

Wakuu nimerudi. Niliuliza kwanini nikila ndizi mbivu tumbo linajaa gesi mpaka kwenye daladala naogopa kukohoa, mkaniambia nijaribu ambazo hazijaiva sana. Basi wiki mbili sasa nikienda soko la Mabibo namwambia mama muuza ndizi nipe zile za njano zenye kijani kwenye vikonyo, sio zenye madoa, ananicheka eti nanunua mbichi, lakini tumbo limetulia aisee. Kumbe ndizi ikizidi kuiva fruktani (aina ya wanga) zinaongezeka, utumbo mdogo hauwezi kuzimeng'enya, bakteria wa utumbo mpana wanazichachua, ndo gesi yenyewe. Jumapili nikajisahau nikapiga tatu zenye madoa, usiku tumbo likanguruma kama bajaji. Embe dodo ndo bado halinitaki kabisa.