Safari ya Dar kwa Dada Seche: gumzo la kikundi cha familia

Nyemo: Shikamoo Mama, shikamoo Mjomba, shikamooni wakubwa wote. Ruhusa ya Baba Eliya imetoka. Tunaondoka Dodoma kwa treni Ijumaa asubuhi, tunarudi Jumatatu mchana. Wakubwa wanne: Mama, mimi, Baba Eliya na Yona. Watoto ni Eliya (9), Tusa (6) na Baraka (3). Wanataka kisiwa, makumbusho, pantoni, Bagamoyo na Zanzibar. Semeni.

Dada Seche: Marahaba mdogo wangu. Zanzibar futa. Boti peke yake ni kama saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, bado foleni ya bandarini. Bagamoyo nayo ni kilomita 70 hivi, na magofu ya Kaole hayatazamwi kwa mbio. Siku mbili kamili za kutembea ni Jumamosi na Jumapili, basi.

Mjomba Ndahani: Marahaba wanangu. Tuanze na tiketi, maana likizo fupi hii viti vinaisha. Nauli ya treni ya SGR Dodoma–Dar daraja la kawaida ilitangazwa 31,000 mwaka 2024. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 ni nusu, chini ya miaka 4 bure. Kwa hiyo wakubwa wanne 124,000, Eliya na Tusa 31,000 kwa pamoja, jumla 155,000 kwenda tu. Kurudi ni hivyo hivyo. Baraka mtampakata. Treni za Express na Mchongoko nauli zake ni nyingine, msichanganye mnapochagua.

Nyemo: Mjomba, tukate ya kurudi tukifika huko?

Mjomba Ndahani: Hapana! Kateni zote mbili leo. Ya kurudi mwisho wa likizo ndiyo inayowaliza watu. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Mama aandikwe jina la kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA), si lile tunalomwita. Na namba ya malipo, ile mnayopewa mkikata tiketi kwa simu, ina muda wake. Ukiiomba kabla pesa haijawa kwenye simu, muda unapita, viti vinarudi kwa wengine, nawe unaanza upya. Weka pesa kwanza, ndipo uombe namba.

Stesheni mfike saa mbili kabla ya treni kuondoka. Mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi, na mstari unakwenda polepole mtu akiwa na mtoto na mzee. Lango likifungwa, treni hata kama mnaiona imesimama, hampandi.

Yona: Tukae upande gani tuone mahandaki?

Mjomba Ndahani: Handaki halina upande, Yona. Waambie watoto wawe macho kuanzia Kidete kwenda Kilosa, pale reli inapopita milimani. Wayafungue macho mapema, maana treni ya 160 kwa saa haisubiri mtu aliyekuwa anatafuta karanga.

Shemeji Omari: Assalaam alaykum wana Dodoma, shikamoo mama mkwe. Mimi niongelee bahari, maana ratiba yote itaning'inia hapo. Nimeangalia mwezi: Jumamosi yenu inaangukia mwezi mpevu. Maana yake ni bamvua, na bamvua za Septemba ni miongoni mwa kubwa za mwaka mzima, kama za Machi. Maji yatapwa mbali sana na yatajaa juu sana.

Nyemo: Shemeji, sisi tumezoea Bwawa la Mtera. Tufafanulie.

Shemeji Omari: Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Dar, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji huwa chini kabisa kama saa nne asubuhi na juu kabisa kama saa kumi jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika arobaini hadi hamsini. Baada ya juma moja mambo yamegeuka: maji yanajaa asubuhi, yanapwa jioni, tena kwa kiasi kidogo. Hayo tunaita maji mafu.

Sasa, mkienda Coco Beach Jumamosi saa nne asubuhi, mtakuta miamba na majani ya baharini, maji yako kule, watoto watalia. Mkienda saa nane na nusu mchana, maji yanapanda yanakuja kwenu. Ogeeni hapo hadi saa kumi. Maji yakishaanza kurudi, watoto watoke. Maji yanayopwa huvuta kwenda nje, na Coco ina miamba chini. Mtoto asiende zaidi ya magoti yake, na kila mtoto awe na mkubwa wake aliyelowa, si mkubwa aliyekaa kwenye kanga anapiga picha.

Baba Eliya: Nilikuwa nataka kununua ringi za kuelea.

Shemeji Omari: Usinunue, shemeji. Upepo ukiikamata ringi inakwenda na mtoto haraka kuliko unavyoogelea. Nunua viatu vya mpira vya kufunga. Kwenye miamba kuna vile viumbe vyeusi vya mviringo vyenye miiba mirefu. Ukikanyaga, mwiba unakatikia ndani. Ndala hazifai, zinachomoka kwenye mchanga.

Dada Seche: Asubuhi ya Jumamosi basi tunafanya mjini, jua likiwa bado halijakasirika. Tunapanda basi la mwendokasi Kimara hadi Kivukoni kabla ya saa mbili. Pantoni ya Kigamboni kwenda na kurudi, 200 kwa mtu mzima kila upande, watoto watafurahi kuliko mnavyodhani. Kisha kwa miguu: kanisa la Mtakatifu Yosefu, la Azania Front, sanamu ya Askari pale Samora, tunamalizia Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Hapo ndipo penye uzito. Eliya amesoma habari za Olduvai, basi aonyeshwe Zinjanthropus, fuvu la zamadamu alilolipata Mary Leakey mwaka 1959. Kaeni naye hapo, msimburute.

Shangazi Wendo: Na mama yenu mzee anatembea hayo yote? Magoti yake mnayajua.

Dada Seche: Shangazi, Mama atatoka pantoni na kupanda bajaji moja kwa moja hadi makumbusho. Kuna bustani na kivuli. Sisi tutamkuta hapo.

Shangazi Wendo: Sawa. Halafu joto. Dodoma tuko juu mita 1,100 na kitu, hewa kavu, jasho linakauka lenyewe. Pwani jasho halikauki, linabaki mwilini, ndiyo maana mtu wa bara anachoka kabla ya saa sita bila kujua kwa nini. Mbebeeni mama yenu maji, anywe kidogo kidogo kila mara asisubiri kiu. Gauni la pamba, si lile la kitenge lenye bitana. Dawa zake za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie sanduku. Na vyandarua kwa Seche vipo vya kutosha?

Dada Seche: Vitatu vipo shangazi, cha Baraka waje nacho.

Yona: Na kisiwa?

Shemeji Omari: Mbudya, Jumapili. Mashua zinatoka Kunduchi. Kutoka Kimara mwendokasi hadi Morocco, daladala ya Tegeta mshuke Mtongani, bajaji hadi ufukweni. Tuwe pale saa mbili asubuhi, maji yakiwa bado hayajashuka kabisa. Tukichelewa hadi saa nne na nusu, mashua zitakuwa zimekaa mbali na mtambeba watoto na vikapu kwenye matope. Maji yakipwa tutakuwa tayari kisiwani, watoto waangalie viti vya pwani, vile viumbe vyenye umbo la nyota, na kaa kwenye vidimbwi. Waangalie kwa macho, wasivitoe majini, na wasikanyage matumbawe. Kurudi saa tisa, maji yamejaa na mashua inatufikisha karibu. Tusizidishe hapo, upepo wa alasiri unainua mawimbi.

Kisiwa ni eneo la hifadhi ya bahari, kuna kiingilio mbali na nauli ya mashua. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo vitambulisho tena. Bei ya mashua tunapatana kwa kwenda NA kurudi, na tunalipa nusu kwanza. Mkilipa yote, nahodha anaweza kuchukua wengine mkabaki mnamngoja. Vikoti vya kuokolea vihesabiwe kabla ya kupanda, cha Baraka kiwe cha kitoto. Cha mtu mzima kinamvuka kichwani.

Nyemo: Mama anasema haingii kwenye mashua. Anataka samaki.

Dada Seche: Mama atabaki nami nyumbani. Jumatatu alfajiri nakwenda naye soko la samaki la Feri, mnada ukiwa umechangamka. Achague mwenyewe: jicho liwe angavu na limejaa, matamvua mekundu, ukibonyeza nyama irudi. Changu na kolekole ndio wanaovumilia safari.

Mjomba Ndahani: Msipande treni na samaki wabichi kwenye barafu. Barafu itayeyuka, maji yatatiririka kwenye mizigo ya watu.

Dada Seche: Hatupandishi wabichi Mjomba. Wapasuliwe hapo hapo Feri, watiwe chumvi na ndimu, wakaangwe mpaka wakauke kabisa, si rangi tu. Halafu wapoe. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanafunika samaki wa moto kwenye chombo, mvuke unageuka maji, wakifika Morogoro wamechacha. Wapoe saa nzima juu ya wavu, kila mmoja kwenye karatasi, ndipo mfunike.

Nyemo: Na sisi tukuletee nini?

Dada Seche: Zabibu! Na mlenda wa kukausha, na karanga.

Shangazi Wendo: Zabibu nitakatia mimi Alhamisi jioni, jua likishapoa, kwa mkasi, kichala kibaki na kikonyo. Msizioshe. Ule unga mweupe juu ya ganda ndio unaozilinda, ukiuosha zinaanza kuoza kesho yake. Boksi pana na fupi, gazeti chini, safu mbili basi, gazeti katikati. Zile zilizopasuka zitolewe moja moja, maana moja ikivuja inaharibu kichala kizima. Na boksi likae juu ya mizigo yote, msiliweke chini ya kiti watoto walikanyage.

Baba Eliya: Mifuko ya plastiki hakuna, ilishakatazwa tangu Juni 2019. Nitatafuta maboksi sokoni Majengo kesho, manne.

Mjomba Ndahani: Matatu yanatosha, mna watoto wa kushika mkono. Nyemo, pesa imeingia kwenye simu?

Nyemo: Imeingia, 310,000 na ya makato. Naomba namba ya malipo sasa hivi. Mama, jina la kwenye NIDA ni Elizabeti au Elizabeth?

Yona: Nimemuuliza. Ni Elizabeth, mwisho "th".