Naomba ushauri: kusahihisha PDF za wanafunzi kwa Xournal++

Wakuu, salaam. Nafundisha hesabu sekondari. Mazoezi ya PDF nayasahihisha kwa Xournal++, programu ya kuandika juu ya PDF, kwenye laptop ya Linux, nikiandika kwa kalamu na kibao cha Wacom. Programu ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na kwa vipeo na sehemu mwandiko wa mkono unanifaa kuliko kibodi.

Juzi nilihamishia folda ya PDF kwenye flashi. Kufungua faili zangu za .xopp (ndizo Xournal++ huhifadhi kazi yangu), naambiwa PDF haionekani: wino wangu mwekundu upo, majibu ya wanafunzi hakuna! Kumbe .xopp hutunza maandishi yangu tu; PDF yenyewe haimo ndani yake, hukumbuka tu mahali ilipokuwa. Nilizirudisha zikaonekana, lakini moyo ulinienda mbio kweli, ni kazi za watoto zaidi ya 40.

Sasa mnaoitumia kila siku, mnatunzaje? Nimeona kuna chaguo la kuambatisha PDF wakati wa kuifungua. Nitumie hilo kwa kila faili, au nikimaliza nitoe PDF mpya yenye masahihisho? Hofu yangu, nikitoa PDF nikabaki nayo peke yake, sitaweza tena kufuta alama niliyokosea.