Nimehitimu uhandisi wa anga, nataka kubuni injini za roketi, milango imefungwa. Nishaurini

MwakoKamili: Wakuu, salaam. Nina shahada ya uhandisi wa anga. Ninachotaka ni kubuni tu: chumba cha mwako, injekta ya kunyunyizia fueli humo, nozeli ya kutolea gesi. Natuma maombi kila kukicha, wengi kimya, na kila tangazo linadai uzoefu. Niuokote wapi? Au nikasome uzamili?

BabaKaranga: Soma, dogo. Elimu haina mwisho.

MamaValvu: Usikimbilie darasani. Mimi nilianza kwa kukaza nati na kusaka uvujaji kwa heliamu. Nililia sana. Baadaye kwenye vikao vya usanifu ni mimi niliyejua kwa nini vali inayocheza vizuri mezani hukwama ikipita oksijeni ya kimiminika, nyuzi 183 chini ya sifuri: kila metali hunywea kivyake. Mume wangu wa kwanza naye alikuwa mtu wa makaratasi, ila tuyaache hayo.

KitiKirefu: Mleta uzi, kwani hujapata ofa yoyote kabisa?

MwakoKamili: Ipo moja. Ya kupima injini, si kubuni. Wanataka jibu Ijumaa. Barua ya kukataa nimeshaiandika, sijaituma.

MamaValvu: Alaa! Na milango imefungwa?

MwakoKamili: Ya ubunifu, ndiyo. Nikianza na mabomba wataniita fundi mpaka nizeeke.

MzeeOmbwe: Kijana, injini ya F-1 ya Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini, ilisumbuliwa na mwako usiotulia, hesabu zikagonga mwamba. Wahandisi wakawa wanalipua mabomu madogo ndani ya chumba injini ikiwaka, wanarekebisha injekta na vizuizi vyake, mpaka mtikisiko ukawa unazimika wenyewe. Hapo mbunifu nani, mpimaji nani?

BabaKaranga: Siku hizi wanachagua kazi kama wachumba.

MwakoKamili: Mradi wangu wa mwisho ni injini ya hidrojeni na oksijeni, msukumo mahususi, yaani kipimo cha injini inavyotumia vizuri fueli yake, sekunde 470 usawa wa bahari. Mtu kama huyo mnampeleka akasome vipima shinikizo?

KitiKirefu: 470 usawa wa bahari? Hii chai. Injini ya RS-25 ya Space Shuttle, inayochoma hizohizo, yenye shinikizo la bar 200 na ushei chumbani, hutoa takriban 452 kwenye ombwe, pasipo hewa, na chini ni 366 hivi. Uzi wa kutunga huu.

BabaKaranga: Nilijua tu tangu mwanzo. Leteni vikombe.

MwakoKamili: Programu ndiyo iliyotoa namba! Labda ni ya ombwe. Tofauti ndogo hiyo.

MzeeOmbwe: Simwoni mwongo. Programu hizo hudhani mwako umetimia, hakuna msuguano, hakuna joto linalopotelea ukutani. Ukiipa nozeli pana sana na ombwe, namba hiyo inatoka. Iwashe nozeli hiyohiyo hapa chini, gesi itabanduka ukutani na nozeli inaweza kupasuka. Ila niambie, umeiandika kwenye CV?

MwakoKamili: Mstari wa kwanza.

KitiKirefu: Pamoja na "usawa wa bahari"?

MwakoKamili: Pamoja nayo.

MamaValvu: Na hao wa Ijumaa waliiona?

MwakoKamili: Waliiona. Kwenye usaili walicheka, wakaniuliza kama niko tayari kuja kuipima.

MamaValvu: Mwanangu, hiyo barua ifute.

MwakoKamili: Nasubiri kwanza kuna kampuni moja haijanijibu.